Mpandisheni Ngoswe kizimbani

Agosti 2022 makarani wa sensa walipita nyumba kwa nyumba Tanzania nzima, vishikwambi mkononi, na hesabu yao ikatoa watu 61,741,120. Kazi ilipokwisha, Serikali ikavigawa vishikwambi hivyo kwa walimu. Walimu wa Kiswahili wa kidato cha nne hawakuhitaji kuelezwa kichekesho kilichokuwamo humo. Kifaa cha karani wa sensa kiliishia mikononi mwa watu ambao kila mwaka husimama mbele ya darasa kumsimulia karani wa sensa aliyeivuruga kazi aliyotumwa.

Karani mwenyewe ni Ngoswe, mhusika mkuu wa tamthiliya ya Edwin Semzaba, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, iliyochapishwa 1988. Kijana huyo msomi anatoka mjini kwenda kijijini kuhesabu watu. Anafikia kwa Ngengemkeni Mitomingi, kiongozi wa pale mwenye wake wawili, na macho yaliyotakiwa kuwa kwenye karatasi yanahamia kwa Mazoea, binti wa mwenyeji wake, ambaye tayari ana mchumba. Penzi linakolea, wawili wanatoroka, na baba mtu kwa hasira anazitia moto karatasi za sensa. Hadithi ni fupi, ina ucheshi, ina ulevi, ina aibu. Kwa miaka mingi imekuwa katika orodha ya tamthiliya za mtihani wa kidato cha nne, pamoja na Orodha ya Steve Reynolds na Kilio Chetu ya Medical Aid Foundation.

Sasa tazama namna inavyodurusiwa Oktoba, wiki chache kabla ya mtihani wa taifa. Mwalimu anaingia na mwongozo. Anaandika ubaoni: dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa, msimamo, wahusika, mtindo, matumizi ya lugha, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Wanafunzi wananakili. Mwenye mkono mwepesi anamaliza, mwenye mkono mzito anaazima daftari usiku wakati wa prepo. Kesho yake ni zamu ya Orodha, keshokutwa Kilio Chetu, na ratiba imekwisha. Mwanafunzi anatoka hapo akiweza kutaja kwamba Ngoswe inazungumzia uzembe, ulevi, ndoa za mitara na mapenzi. Muulize ni mambo gani yaliyomfikisha Mitomingi hadi akawasha kiberiti, ataanza kutazama dari.

Hapo hakuna kilichodurusiwa. Maneno yamehama kutoka mwongozo hadi daftari, basi. Saa zile zile zingemfaa zaidi mwanafunzi kama darasa lingezitumia kucheza.

Kauli hiyo huwaudhi wakuu wa shule, wazazi, na mara nyingi walimu wenyewe. Mtihani wa kidato cha nne ndio unaoamua nani aende kidato cha tano, nani aende chuo na nani arudi nyumbani. Mzazi aliyeuza mbuzi kulipia kambi ya masomo hataki kusikia kwamba mwanawe alishinda darasani akipiga makofi. Wasiwasi wake una msingi. Lakini ushahidi uliokwisha kukusanywa kuhusu kumbukumbu ya mwanadamu hauko upande wa mwongozo.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio yao kwa wanafunzi wa chuo. Wanafunzi walisoma vifungu vifupi vya habari. Baada ya hapo, kifungu kimoja walikisoma tena. Kingine walikifunga na kuandika kila walichokikumbuka, bila kusahihishwa. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza: asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yakageuka. Waliojilazimisha kukumbuka walibaki na asilimia 56, waliorudia kusoma wakabaki na 42. Na jambo la kutahadhari ni kwamba aliyerudia kusoma ndiye hutoka chumbani akiamini ameiva, kwa kuwa maneno yanaonekana mazoea machoni. Miaka saba baadaye, 2013, John Dunlosky na wenzake walipozipitia mbinu kumi za kujisomea, kupiga mstari chini ya maneno na kurudia kusoma viliwekwa daraja la chini. Kujipima, na kuligawa somo katika siku mbalimbali badala ya kulirundika usiku mmoja, viliwekwa juu kabisa.

Mchezo wa darasani uliotungwa vizuri unafanya hicho hicho: unamfanya kijana wa miaka 17 ajipime mara kadhaa kwa saa moja bila kununa. Uliotungwa vibaya ni kelele tu. Tofauti iko kwenye swali ambalo mchezo unauliza, na swali hilo halina budi kufanana na lile la mtihani.

Tuvuke mpaka kidogo. Kenya, karatasi ya tatu ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE ni ya fasihi, na swali ambalo kila mtahiniwa hulijua kama jina lake ni la dondoo. Anapewa maneno aliyosema mhusika fulani katika tamthiliya teule kisha anaambiwa aeleze muktadha, kwa alama nne: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na kwa nini maneno hayo yametoka. Vizazi vya wanafunzi vimehenyeshwa hivyo kwa Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, kwa Mstahiki Meya ya Timothy Arege, kwa Kigogo ya Pauline Kea, na baadaye kwa Bembea ya Maisha, nayo pia ya Arege.

Dondoo kwa hakika ni kitendawili, na watoto wa Waswahili walijua kucheza vitendawili kabla ya kuwapo kwa baraza lolote la mitihani. Mmoja anasema “Kitendawili!”, wenzake wanajibu “Tega!”, na wakishindwa wanaombwa mji. Mwalimu yeyote anaweza kuuchukua mchezo huo kama ulivyo. Darasa linagawanywa makundi. Kila kundi linachagua madondoo yake na kuyaandika kwenye vipande vya karatasi ya manila, siku mbili kabla. Siku ya mchezo kundi moja linatega, jingine linajibu yale mambo manne, na kila jibu sahihi lina alama yake. Wakishindwa wanatoa mji, nao uwe mji kutoka tamthiliya zenyewe. Anayeupokea mji lazima afumbue kitendawili chake na ataje ukurasa. Asipoweza kutaja ukurasa, mji unarudi kwa wenyewe na alama zote zinakwenda nao.

Sharti hilo la ukurasa ndilo linaloutia mchezo maana. Kundi linalotaka kuwashinda wenzake halitategea dondoo lililoko katika kila mwongozo mitaani, kwa sababu kila mtu analijua. Litaingia katika kurasa zisizotembelewa na mtu, litafute neno la mhusika mdogo, lililozungumzwa pembeni, linaloweza kudhaniwa ni la mwingine. Katika Kigogo, kwa mfano, mtu hawezi kupambanua kauli za Majoka na za Kenga kwa kusikiliza ukali wake tu, maana mmoja ndiye mshauri wa mwenziwe. Inabidi ajue katika Sagamoyo nani anampa nani mawazo, na kwa faida ya nani. Msichana anayetafuta dondoo gumu la kuwategea wavulana wa upande wa pili anaisoma tamthiliya upya huku akidhani anatafuta ushindi. Kwa mtazamo wa makala haya, kazi kubwa ya mchezo hufanyika hapo, kabla hata haujaanza.

Wapo watakaosema Wakenya wana njia nyingine, na ni kweli: vikundi vya waigizaji huigiza vitabu teule mbele ya wanafunzi, mashuleni na katika kumbi za Nairobi na miji mingine. Ni jambo jema sana. Ila mwanafunzi aliyeketi ukumbini anatazama. Hajalazimishwa kukumbuka chochote.

Upande wa Tanzania swali la mtihani lina sura nyingine. Mtahiniwa huagizwa kuandika insha, mara nyingi kwa kutumia tamthiliya mbili, atoe hoja kadhaa kutoka kila moja na kuzitolea mifano. Hapa kitendawili cha nani kamwambia nani hakifiki mbali. Mtu anaweza kuyajua majina yote ya kijiji cha Mitomingi na bado akapata sifuri katika insha kuhusu nafasi ya mwanamke. Darasa la Tanzania linahitaji mchezo wa mabishano, na mchezo bora wa mabishano ni mahakama.

Shitaka: kuharibu zoezi la sensa. Washitakiwa ni wanne, nao ni Ngoswe, Mitomingi, Mazoea, na Serikali iliyomtuma karani. Wanafunzi wanapewa kazi zao: hakimu, waendesha mashitaka, mawakili, mashahidi, na karani wa mahakama ambaye itabidi awe mwangalifu kuliko karani anayezungumziwa. Darasa lililobaki lote ni wazee wa baraza. Sheria ni moja tu na haina msamaha: hakuna hoja inayopokelewa bila tukio kutoka kitabuni. Mtu akisema “Ngoswe alikuwa mzembe” akanyamaza, upande wa pili unapiga pingamizi, na hakimu anaifuta kauli hiyo ubaoni.

Kesi ikianza kwa Ngoswe, mambo ni mepesi. Alitumwa kazi ya umma, akaweka moyo mbele ya kazi, na kichwa chenyewe cha tamthiliya kimekwisha kumhukumu. Wakili wake akiwa mjanja ataanzia kwenye moto. Nani aliwasha? Karatasi zile hazikupotea njiani wala hazikusahauliwa kilabuni. Zilichomwa na mtu mzima, kiongozi, aliyejua ni mali ya nani. Penzi lilimtorosha binti, halikuchoma karatasi. Hapo upande wa mashitaka unamgeukia Mitomingi: wewe ndiye mwakilishi wa Serikali hapa, ulimpokea karani kama mgeni wa Serikali, iweje hasira ya nyumbani uimalizie kwenye kazi ya taifa? Wakili wa Mitomingi naye ana la kusema. Huyu ni baba aliyempa mgeni kitanda na chakula, mgeni akamwibia binti aliyekwisha kuahidiwa kwa watu. Atawatazamaje hao watu?

Zamu ya Mazoea ndiyo hulichafua darasa, kwa maana nzuri ya neno hilo. Wasichana ambao muhula mzima hawakunyoosha mkono watataka kujua ni nani aliyemuuliza anataka kuolewa na nani. Wavulana watajibu kwamba alijua ana mchumba. Mama Mazoea na Mama Inda, ambao katika miongozo hupewa mistari miwili mitatu, wanaitwa kutoa ushahidi, na ghafla darasa linagundua kwamba nyumba ile yenye wake wawili ina mengi ya kusema kuhusu ndoa za mitara kuliko maneno “ndoa za mitara” yaliyoandikwa ubaoni. Mzee Jimbi akipanda kizimbani na chupa yake, kicheko hakikosi. Mwendesha mashitaka makini atakitumia kicheko hicho kuuliza pombe iliyonywewa siku za sensa ilichangia nini.

Mshitakiwa wa nne ndiye anayepima uelewa. Serikali ilimtuma kijana mmoja peke yake, mgeni, katika watu ambao hawakuona sababu ya kuhesabiwa. Je, wanakijiji walioficha idadi ya watu wao walikuwa wakaidi, au hakuna aliyewaeleza? Mwanafunzi anayeweza kuitetea Serikali na kuishitaki kwa matukio ya tamthiliya hiyo hiyo, mtihani hauna swali la kumtisha.

Hukumu yenyewe haina umuhimu mkubwa. Kila mzee wa baraza anaandika yake kwa kalamu, na matukio mawili ya kuitetea. Ukizikusanya karatasi hizo utaona kwamba uzembe, mgogoro wa mjini na kijijini, ulevi, mila ya kuchumbia na nafasi ya mwanamke vyote vimo, kila kimoja kikiwa na mfano wake. Na kwa kuwa mtihani unapenda tamthiliya mbili, kikao kinachofuata kinaweza kumketisha Mazoea karibu na Furaha wa Orodha, yule msichana aliyefariki kwa UKIMWI akaacha orodha, na wanaume kijijini wakakosa usingizi wakidhani ina majina yao. Wawekwe mbele ya darasa, waulizwe maswali yale yale: nani alikuamulia, nani alinyamaza, nani aliponea kwako. Orodha inaposomwa haina jina la mwanamume hata mmoja, na wasichana wawili kutoka vitabu viwili wamekwisha kumpa mtahiniwa aya sita za insha.

Si kila tamthiliya inaingia mahakamani. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa 1969 na ambayo haijapata mpinzani kwa heshima inayopewa na wasomaji wa tamthiliya za Kiswahili, itaharibika ikigeuzwa kesi ya kutafuta mkosaji. Tatizo la wanafunzi katika Kinjeketile ni jingine. Huichanganya na kitabu cha historia. Wanaandika kwenye karatasi ya fasihi yale waliyofundishwa kuhusu Vita vya Maji Maji, kisha wanashangaa kunyimwa alama. Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia.

Basi mchezo uwe wa kuta mbili. Ukuta wa kulia ni historia, wa kushoto ni jukwaa. Mwalimu anasoma jambo, wanafunzi wanakimbilia ukuta wanaouamini, na mmoja wa kila upande anajieleza. Vita vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi kwa kung’oa pamba: historia. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga: historia. Kinjeketile yuko gerezani, anashawishiwa akane kwamba maji yana nguvu, naye anakataa kwa kuwafikiria watakaozaliwa kesho: jukwaa, tena ndipo tamthiliya nzima inapolalia. Halafu mwalimu mchokozi anasoma neno moja tu, Hongo. Wengine wanakwenda kulia, wengine kushoto, na wachache wenye akili wanabaki katikati. Imani ya Hongo, mzimu wa Rufiji, ilikuwapo kweli. Namna Kinjeketile anavyoibuka na kusema mbele ya watu jukwaani ni kazi ya mwandishi. Dakika kumi za ubishi kuhusu Hongo zinafundisha tofauti ya chanzo na sanaa kuliko kurasa kumi za mwongozo.

Hata Shakespeare anakubali kuchezwa hivyo. Mwalimu Nyerere aliitafsiri tamthiliya ya Julius Caesar na kuitoa 1963, akiwa tayari ni Rais, na miaka sita baadaye akatoa Mabepari wa Venisi. Katika mazishi ya Kaizari wanazungumza watu wawili, Bruto kisha Antonio, na umati unahama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Walimu wanaofundisha tamthiliya hiyo wana mchezo uliokwisha kutungwa: wanafunzi wawili wanazungumza, darasa ni umati, na kila mmoja anahama kiti pale tu moyo wake unapohama. Mwalimu anasimamisha na kuuliza: wewe, umehama kwa neno gani?

Pingamizi la kwanza la walimu ni muda, na halina uzito kama linavyodhaniwa. Mahakama inaingia katika vipindi viwili vinavyofuatana vya dakika 40. Vitendawili vinaingia katika kimoja. La pili, wingi wa wanafunzi, ni zito. Tangu ada za sekondari za serikali zilipofutwa Tanzania 2016, na Kenya ilipoamua kumpeleka kila mhitimu wa shule ya msingi sekondari, madarasa yamejaa na nakala za vitabu hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Katika darasa la namna hiyo mchezo hugeuka kwa urahisi kuwa burudani ya wanane, wengine wakitazama. Ndiyo maana wazee wa baraza lazima waandike, na ndiyo maana anayejibu lazima apatikane kwa kura: njiti za kiberiti zenye namba zinatosha. Bila kura, wale wanne wanaojua kila kitu watajibu kila kitu, na aliyekaa nyuma atajifunza tena kwamba hayumo.

Kuhusu uhaba wa vitabu kuna njia iliyojaribiwa zamani. Mwaka 1971 Elliot Aronson, mwanasaikolojia, alipewa kazi ya kutuliza madarasa ya Austin, Texas, ambako watoto wa rangi mbalimbali walikuwa wameanza kusoma pamoja na hawakupatana. Alimpa kila mtoto katika kundi kipande kimoja cha somo, asiweze kupata vilivyobaki ila kwa mwenzake. Tamthiliya imekwisha kugawanywa na mwandishi katika maonyesho. Kundi moja lisome onyesho la kwanza, jingine la pili, kisha makundi yachanganywe upya ili katika kila kundi jipya awepo mmoja aliyesoma kila onyesho. Nakala nne za Ngoswe zinaweza kulisha darasa zima kwa namna hiyo, na hakuna atakayeruhusiwa kusinzia kwa sababu onyesho lake linahitajika.

Vishikwambi je? Kuna programu za maswali ya haraka, maarufu zaidi ikiwa Kahoot ya Norway, iliyozinduliwa 2013, na walimu wachache wenye intaneti ya uhakika wanazitumia. Zinafaa kwa majina ya wahusika. Lakini humpa alama nyingi anayebonyeza upesi, na swali la kwa nini Mitomingi alichoma karatasi halijibiwi kwa kubonyeza. Zaidi ya hayo kishikwambi alipewa mwalimu. Wanafunzi wanahitaji chao. Shule isiyo na umeme haijapungukiwa na kitu katika jambo hili maadamu ina chaki na manila.

Kuna pingamizi moja ambalo watetezi wa michezo hulikwepa, nalo ndilo la maana. Mchezo haumfundishi tamthiliya mtu ambaye hajaisoma. Darasa lililoishi kwa muhtasari likipelekwa mahakamani, mawakili wanabuni matukio, mashahidi wanasema uongo, hakimu hana kitabu cha kuhakikishia, na mwisho wa kipindi kila mtu amekariri makosa ya mwenzake kwa furaha. Mwalimu atakayeona hivyo ndani ya dakika tano za mwanzo asitishe kesi, agawe vitabu, wasome. Mchezo ni wa kudurusu. Ukiletwa kuziba pengo la kusoma, mwongozo unakuwa na nafuu, maana angalau matukio yake ni ya kweli.

Vilevile mchezo usiachwe kuelea. Kelele zikiisha, dakika kumi za mwisho ni za kimya: kila mwanafunzi anaandika aya moja kama ya mtihani, hoja kwanza, maelezo, kisha tukio kutoka kitabuni. Mwalimu anazipitia jioni. Aya hizo zitamwambia ukweli kuhusu maandalizi ya darasa lake kuliko mtihani wa utamilifu, na zitamwonyesha nani wa kurudishwa kwenye onyesho la pili kesho. Ni vyema pia kesi isiwe usiku wa kuamkia mtihani. Ifanyike wiki tatu kabla, irudiwe kwa washitakiwa wengine baada ya siku kadhaa. Kumbukumbu inapenda kutembelewa mara nyingi, kidogo kidogo.

Lawama yote asibebeshwe mwalimu. Mitaala mipya ya Tanzania iliyoanza kutumika 2024 inahimiza umahiri, kama unavyofanya mfumo wa Kenya unaochukua nafasi ya 8-4-4, lakini mwalimu wa vipindi vingi na madaftari mengi hawezi kubuni mahakama, vitendawili na kuta mbili peke yake kila muhula. Taasisi ya Elimu Tanzania na taasisi ya mitaala ya Kenya, KICD, ziweke katika viongozi vya mwalimu, kwa kila tamthiliya teule, michezo mitatu iliyokamilika: kadi zake, sheria zake, kurasa za kurejea. Wachapishaji wa miongozo, ambao hawajawahi kukosa wateja, nao wanaweza kuacha kurasa chache za majibu wakaweka za maswali.

Na wathibiti ubora wa shule wakipita Oktoba hii wakakuta kidato cha nne kinapiga kelele, wasimwite kwanza mkuu wa shule. Waingie, wakae nyuma, na kabla hawajaandika neno kwenye ripoti wahesabu ni mara ngapi kitabu kimefunguliwa.